Magari yetu ya mizigo yanamalizwa na mashimo. Je, tuwakate madereva mshahara?

Shikamoo Mzee,

Mimi ni mama mfanyabiashara wa jumla hapa Lindi Mjini. Nina magari matano ya mizigo, yaani Canter tatu na Fuso mbili, ambayo husambaza soda, unga, sukari na saruji katika maduka ya Mtama, Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na mara nyingine hupeleka mzigo Nangurukuru na Kilwa Masoko. Msimu wa korosho ukifika, Fuso hukodishwa kusomba korosho kutoka vyama vya msingi vya ushirika kwenda maghala makuu. Kaka yangu ndiye anayesimamia magari na madereva, nami ninasimamia duka na hesabu.

Tatizo letu ni mashimo. Tangu mvua kubwa za mwaka 2024, zile zilizokata barabara kuu kule Somanga wakati wa kimbunga Hidaya, sioni tena mwezi ukipita bila gari letu mojawapo kulala gereji. Leo springi imevunjika, kesho rimu imepinda, keshokutwa tairi lililonunuliwa juzi limetoa uvimbe ubavuni. Hivi karibuni Fuso moja ilikwama njiani kuelekea Liwale ikiwa imejaa soda, tukalazimika kukodi gari jingine kwenda kuhamisha mzigo, na mteja aliyekuwa akiusubiri akanunua kwa mtu mwingine.

Kaka yangu anasema kisa ni uzembe wa madereva, na ameanza kuwakata mshahara kila tairi au springi inapoharibika. Madereva wawili wametamka kwamba wataondoka, na mmoja wao ni kijana aliyeanzia kwetu akiwa utingo. Fundi wetu anashauri tuongeze vipande vya springi ili magari yawe magumu. Ndugu mwingine ananiambia nikate bima kubwa ili hasara zote zilipwe, na jirani yangu wa dukani anataka niishtaki serikali kwa kuacha barabara iharibike. Kila mmoja ana lake, nami fedha zinaisha. Naomba unishauri.

Mama wa Lindi Mjini

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako ina maswali manne, nami nitaanza na lile la mshahara, kwa sababu naamini ndilo linaloyafanya mengine yote yawe mabaya zaidi. Makato hayo yasimamishwe mwezi huu huu.

Sababu ya kwanza ni ya kisheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara kwa uamuzi wake tu. Ni lazima hasara hiyo iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Ni lazima pia mfanyakazi aelezwe kwa maandishi chanzo cha hasara, kiasi chake na namna kilivyokokotolewa, apewe nafasi ya kutosha ya kupinga, na makato yote kwa jumla yasizidi robo ya mshahara wake. Tairi lililopasuliwa na shimo lililojificha chini ya maji ya mvua si kosa la dereva mpaka mtu alithibitishe, na kaka yako, kwa jinsi ulivyoeleza, hajathibitisha lolote. Madereva wenu wakienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ninyi ndio mtakaojieleza.

Sababu ya pili inanigusa zaidi kuliko sheria. Dereva anayejua kwamba akisema atakatwa, hatasema. Atasikia mlio mpya chini ya gari akitokea Nachingwea, atahisi usukani unavuta upande mmoja, ataona ubavu wa tairi umeanza kutuna, kisha ataegesha gari uani, atakabidhi funguo na kwenda zake nyumbani. Kesho gari hilo litapakiwa mzigo kamili na kupewa dereva mwingine asiyejua kitu. Kipande kimoja cha springi kilichovunjika, ambacho kingebadilishwa kwa fedha ndogo, kitaachia vingine vibebe uzito wake mpaka navyo vikatike, ekseli ihame mahali pake, na gari lishindwe kushika njia kwenye mteremko. Makato yanayokusudiwa kuokoa gharama yanawafundisha watu wenu kuficha ubovu, na ubovu uliofichwa kwenye gari la mizigo unaweza kuua watu. Wekeni utaratibu ulio kinyume kabisa na huo: dereva anayeripoti ubovu siku ile ile asiadhibiwe kwa ubovu huo, na anayeuficha ndiye aulizwe.

Sasa tuje kwenye mashimo yenyewe. Shimo la barabara ya lami huanzia kwenye ufa mdogo. Maji hupenya, hulainisha tabaka la chini, na kila gari zito likipita lami hubonyea na kumeguka mpaka kipande king'oke. Ndiyo maana mashimo hurudi palepale kila mwaka, yaani penye mitaro iliyoziba, pembeni mwa makalavati, mahali maji yanapotuama, na kwenye miteremko ambako malori hufunga breki. Dereva mzoefu wa njia ya Mingoyo hadi Nanganga anayajua maeneo hayo hata kabla mvua haijanyesha, na ujuzi wake huo una thamani ya fedha kwenu ikiwa mtamsikiliza.

Kinachovunja gari ni mambo mawili makubwa, nayo ni kasi na uzito. Nguvu iliyomo katika gari linalotembea haiongezeki sambamba na kasi. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu hiyo huwa mara nne, kwa hiyo gari lililo kwenye kilomita 80 kwa saa lina nguvu ya kuharibu mara nne ya lile lile likiwa kwenye 40. Kisha kuna kosa ambalo hata madereva wa miaka mingi hulifanya: kuona shimo kwa kuchelewa na kulikanyagia breki mpaka ndani. Gari likifunga breki, uzito wake husogea mbele, springi na shokapu za mbele hujikandamiza mpaka karibu na mwisho wake, na tairi huburuzwa badala ya kubingirika. Likigonga ukingo wa shimo katika hali hiyo, hakuna nafasi iliyobaki ya kupokea kishindo, hivyo kinaishia kwenye rimu, beringi na viungo vya usukani. Dereva apunguze mwendo mapema, aachie breki kabla tairi halijaingia, na aliache lizunguke lenyewe mpaka litoke upande wa pili. Asilikwepe shimo kwa kukata kona ya ghafla kuingia upande wa wanaokuja, kwa kuwa rimu hununuliwa dukani na maisha hayanunuliwi. Dimbwi ambalo hajaona kina chake alichukulie kuwa shimo refu.

Haya yote yanaweza kufundishwa asubuhi moja uani kwenu. Lakini nakuuliza wewe na kaka yako: dereva wenu ana sababu gani ya kwenda polepole? Kama posho yake inahesabiwa kwa idadi ya safari, kama anaondoka saa nne usiku ili afike Liwale kabla maduka hayajafunguliwa, na kama anapigiwa simu njiani kuulizwa amefika wapi, basi ninyi wenyewe mmempangia mwendo wa kasi gizani, mahali ambapo taa za gari hazionyeshi kina cha shimo na maji hung'aa sawasawa na lami. Mtu aliyepangiwa hivyo kisha akakatwa mshahara ana haki ya kunung'unika. Posho iwe ya siku ya kazi, wala isihesabiwe kwa safari. Magari yaondoke alfajiri, baada ya kukucha. Ratiba ya masika isifanane na ya kiangazi, kwa sababu huku kwetu kusini mvua ni za msimu mmoja mrefu, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na katika miezi hiyo safari ya Liwale inayomalizika kwa siku moja wakati wa kiangazi ni vema muitangazie wateja kuwa ya siku mbili. Mteja aliyeambiwa siku mbili na akaletewa mzigo wake siku ya pili hatakukimbia. Aliyekukimbia ni yule aliyeahidiwa kesho asubuhi.

Kuhusu ushauri wa fundi wenu wa kuongeza vipande vya springi, sikubaliani nao hata kidogo. Springi hufanya kazi kwa kupinda. Ukiiongezea vipande mpaka isipinde, kishindo cha shimo hakipotei, kinahamia kwenye chesisi, kwenye ekseli, kwenye beringi na kwenye mzigo wenyewe, na chupa za soda zitakuwa za kwanza kukuonyesha. Isitoshe, gari lililoongezewa springi linaonekana halijalemewa, jambo linalowashawishi vijana wa kupakia waongeze mifuko mingine, ilhali breki, matairi na ekseli ya mbele ni zile zile zilizotoka kiwandani. Fundi akikuambia pia kwamba kipande kilichovunjika kinaweza kuchomelewa, mkatalie, kwa sababu moto wa kuchomelea huondoa ugumu maalumu wa chuma hicho na kitakatika tena karibu na palepale. Springi iliyovunjika hubadilishwa, na bolti zinazoibana kwenye ekseli hukazwa upya baada ya gari kutembea siku chache.

Hapa pana jambo ambalo wafanyabiashara wengi hawaliangalii. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016 inaruhusu tani 10 kwenye ekseli moja yenye matairi manne, na gari likipita kwenye mizani bila faini, mwenye mali huamini kwamba mzigo ni sawa. Kipimo hicho kimewekwa kuilinda barabara. Canter yako haikutengenezwa kubeba uzito kama huo, kwa hiyo inaweza kupita kwenye mizani kwa amani huku springi zake zikiwa zimezidiwa vibaya. Kipimo chako wewe ni kile kilichoandikwa na kiwanda kwenye kibati cha gari na kwenye kadi yake. Saruji ndiyo hudanganya zaidi, kwa sababu mifuko yake ya kilo 50 hujaza tani haraka kuliko inavyojaza bodi, na kijana anayepakia hutazama nafasi iliyobaki wala hahesabu kilo. Agiza hesabu ya mifuko iandikwe kwenye hati ya kila mzigo, na mzito uwekwe katikati na mbele ya ekseli ya nyuma, usirundikwe mkiani.

Matairi nayo yanahitaji mkono wa mtu kila asubuhi. Upepo upimwe kwa geji kabla gari halijatembea, likiwa baridi, kwa kufuata kiasi kilichoandikwa na kiwanda kwa mzigo linaobeba. Tairi lenye upepo mdogo likiingia shimoni ubavu wake hubanwa kati ya ukingo wa shimo na rimu, na nyuzi za ndani hukatika hata kama nje hauoni mkwaruzo. Lililojazwa kupita kiasi nalo haliwezi kumeza kishindo. Kwa matairi pacha ya nyuma, yote mawili yawe na upepo sawa na kimo sawa, la sivyo moja hubeba mzigo wa mawili, na jiwe lililokwama kati yao liondolewe kabla ya safari. Dereva apitishe kiganja ubavuni mwa tairi, upande wa ndani pia, ambao ndio husahaulika. Akihisi kinundu laini kama yai chini ya ngozi ya mpira, tairi hilo limekwisha kazi, halizibwi wala halihamishiwi nyuma. Matairi ya mbele, yanayoshika usukani, yasiwe ya mtumba. Umri wa tairi husomwa ubavuni mwake katika tarakimu nne, ambapo 2319, kwa mfano, humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Baada ya matairi, dereva ainame na tochi atazame chini ya gari. Mstari mwembamba wa kutu unaokatiza kipande cha springi mara nyingi ni ufa. Michirizi ya kutu inayotoka kwenye nati za tairi huashiria kwamba nati imelegea. Mara moja kwa wiki, tairi la mbele linyanyuliwe kwa jeki na gari liwekewe vizuizi, kisha fundi alishike juu na chini alitikise, halafu kushoto na kulia. Likicheza juu na chini, tazameni beringi na kingipini au boljointi, yaani viungo ambavyo tairi hugeukia. Likicheza kushoto na kulia, tazameni tairodi, yaani fimbo zinazounganisha usukani na matairi. Kazi hii haihitaji mashine yoyote, na hapo ndipo mtakapogundua uharibifu ukiwa bado wa bei ndogo. Gari lililopiga shimo kubwa lipimwe alaimenti, yaani mnyooko wa matairi yake, hata kama dereva anasema liko sawa, kwa kuwa tairi linalolika upande mmoja hukugharimu kila kilomita bila kelele yoyote. Na kila tairi likifunguliwa, nati zake zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kila gari liwe na daftari lake ndani ya kabati la dashibodi. Iandikwe tarehe, kilomita, kilichoharibika, mahali kilipoharibikia, uzito uliokuwemo na gharama. Sitaki ulione hili kama ukarani mtupu. Leo hii kaka yako anasema ni uzembe na madereva wanasema ni barabara, na wewe huna namna ya kujua nani mkweli. Baada ya msimu mmoja wa mvua daftari litakuonyesha kama uharibifu unafuata dereva fulani, gari fulani, kipande fulani cha barabara au aina fulani ya mzigo. Ukiona dereva mmoja anavunja springi katika kila gari analopewa, hapo utakuwa na hoja ya kumwita na kuzungumza naye.

Bima nakujibu kwa ufupi. Bima ndogo hulipa madhara uliyowasababishia wengine, kwa hiyo haitakufaa kwa springi zako. Bima kubwa ina manufaa na ningependa magari yako yawe nayo, kwa maana gari likiingia shimoni likapinduka, hiyo ni ajali. Lakini mikataba ya namna hiyo kwa kawaida haigharamii uchakavu, kuharibika kwa mitambo, wala tairi lililochanika au kupasuka peke yake barabarani, na madai huweza kukataliwa kabisa gari likikutwa limezidisha mzigo. Kabla ya kulipa, mwombe wakala akusomee sehemu ya mambo yasiyolipwa, mstari kwa mstari, kisha uamue.

Kuhusu kuishtaki serikali, njia hiyo ipo na hutanguliwa na notisi ya siku 90, lakini ni ndefu, ina gharama, na bila kumbukumbu huwezi kuthibitisha kwamba ni shimo lile lililovunja gari lile. Ninachokusihi ufanye kwa nguvu zako zote ni kutoa taarifa. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania, na zile za wilaya, vijijini na mitaani ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ambayo ilianzishwa mwaka 2017. Barua inayosema tu kwamba barabara ni mbaya huishia kwenye jalada. Andika jina la barabara, namba ya nguzo ya kilomita iliyo karibu, upande wa shimo, picha na tarehe, upeleke nakala ofisi ya mkoa na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Wasafirishaji wenzako wa Lindi wakiandika pamoja nawe ni bora zaidi. Usiende kama mwombaji, kwani kila lita ya mafuta unayonunua ina tozo inayokwenda Mfuko wa Barabara, nawe unanunua nyingi. Mtaro ulioziba utolewe taarifa mwezi wa Septemba, kabla mvua haijaanza, wakati bado kazi ni ya koleo na si ya katapila.

Septemba hiyo hiyo ndiyo ya kukaa na watu wa korosho. Minada huanza Oktoba, na kazi ya kusomba huingia moja kwa moja kwenye mvua za kwanza, huku kila mmoja akitaka gunia lake lifike ghalani leo. Usikodishe Fuso kwa maneno ya mdomo. Mkataba uandikwe, utaje uzito wa juu kwa kila safari, utaje kwamba gari halitembei usiku, na utaje nani analipa gari likisubiri foleni ghalani, kwa kuwa dereva aliyesubiri siku nzima bila malipo ndiye anayekimbia njia nzima ya kurudi.

Na kaka yako usimwaibishe mbele ya madereva. Zungumza naye kwanza ninyi wawili, umwonyeshe kifungu cha sheria na hesabu ya ile safari ya Liwale. Kisha yeye mwenyewe, kama msimamizi wao, awaite madereva na mautingo, awatangazie kwamba makato yamekoma, awarejeshee yaliyokatwa bila utaratibu, na amwombe yule kijana aliyeanzia kwenu akiwa utingo awe wa kwanza kutaja mahali penye mashimo mabaya kati ya Nachingwea na Liwale, naye kaka ayaandike daftarini.